Upara wa Mume, Aibu ya Mke

Chumba kilikuwa kimoja, kimegawanywa kwa ukuta wa mbao. Upande wa kulia kinyozi alinyoa wanaume; upande wa kushoto mkewe alisuka wanawake. Mashine ilinguruma huku, kikaushio cha nywele kikavuma kule, na wateja wa pande zote wakataniana kupitia mlango wa katikati.

Kinyozi alikuwa na upara tangu umri wa miaka ishirini na minane. Kichwa chake kiling'aa kama sahani iliyotoka kusuguliwa. Wateja walipomtania, alijipapasa utosi kwa madaha na kusema, "Nyasi hazioti barabara kuu, bwana! Humu akili zinapita usiku na mchana." Watu walivunjika mbavu, naye akazidi kuvimba kichwa.

Miezi mitano baada ya mkewe kujifungua mtoto wao wa kwanza, nywele zilianza kumtoka. Mwanzoni msusi huyo alizikuta kwenye mto, kisha kwenye chanuo, vibonge kwa vibonge. Hatimaye utosi wake ukaanza kuonekana. Isitoshe, alikuwa hoi. Alisikia baridi jua likiwaka, sauti ilimkauka, na kusuka kichwa kimoja kulimchosha kama aliyelima shamba zima. Alijifunga kitambaa, akapiga moyo konde, akaendelea na kazi.

Siri haikudumu. Asubuhi moja wifi yake, aliyekuwa akipanga zamu za wateja, alimnyakua kitambaa mbele ya wanawake watatu waliokuwa wakisubiri.

"Haya, tazameni anayewatunza nywele!" alisema. "Mtu hanyonyoki kama kuku hivi hivi. Kuna jambo analificha."

"Wifi, nakuomba, nipe kitambaa changu," msusi alisema. Vidole vyake vilikuwa vimeshika msuko wa mteja, hakuweza hata kujifunika.

"Nikupe uniambukize? Mwenzio nina nywele zangu."

Wanawake wawili waliinua mikoba yao wakaondoka. Kinyozi alitokeza mlangoni, na mkewe akamtazama akitaraji neno moja tu la kumtetea. Mume akatikisa kichwa kwa masikitiko.

"Kesho baki nyumbani," alisema. "Nitatafuta mwingine. Nani atamwamini msusi asiye na nywele? Utaniharibia jina."

Asiye na nywele! Maneno hayo yalitoka kinywani mwa mtu ambaye hata nzi akitua utosini pake angeteleza! Wala hakuna aliyecheka. Kwa watu wale, mwanamume aliyepoteza nywele amekomaa. Mwanamke aliyezipoteza ana laana, ana uchafu, au ana siri.

Nyumbani alitengewa taulo, chanuo, na hata kikombe. Hayo aliyavumilia. Kilichomkata maini ni siku wifi alipomnyang'anya mtoto kifuani, akamwambia kaka yake, "Mpeleke kwao mpaka apone. Mtoto nitamlea mimi, shangazi yake." Kinyozi hakukataa. Alisema tu, "Tutaona."

Habari zilimfikia muuguzi mmoja, mteja wa msusi wa siku nyingi, akaenda kumwona. Aliutazama uso wake uliovimba, akampapasa shingo polepole.

"Dada, hili si jambo la kukaa nalo. Kesho njoo kliniki upimwe damu."

Kinyozi aliandamana na mkewe, lakini si kwa huruma. Alitaka daktari athibitishe kwamba ugonjwa ule unaambukiza, apate sababu ya kumrudisha kwao.

Majibu yalipotoka, daktari, mama wa makamo mwenye sauti ya upole, aliwaketisha wote wawili.

"Mama, huna laana wala uchafu," alisema. "Wakati wa mimba, homoni huzizuia nywele zisianguke. Ukishajifungua homoni hizo hushuka, na zile zilizokuwa zimezuiliwa huanguka kwa pamoja. Hilo ni la kawaida. Lakini kwako kuna zaidi. Tezi ya shingoni imelegea, haitoi homoni ya kutosha. Ndiyo maana unachoka na kusikia baridi. Utatumia dawa, na nywele zitarudi, ingawa itachukua miezi."

"Kwa hiyo hauambukizi?" kinyozi aliuliza.

"Hata kidogo. Na wewe, baba, nywele zako zilianza kutoka lini?"

"Mimi? Aa, huu wangu ni wa ukoo. Hauna neno."

"Ni wa ukoo, na ni homoni vilevile. Homoni ya kiume hudhoofisha mizizi ya nywele kwa aliyerithi hali hiyo. Wewe na mkeo mmepatwa na mambo ya aina moja. Tofauti ni kwamba zake zinatarajiwa kuota tena."

Kinyozi aliinamisha kichwa. Hapo mkewe akafoka.

"Miaka yote hii nimeishi na kichwa chako! Nimekipaka mafuta, nimekitetea kwa watu, sijakuona nuksi hata siku moja. Changu kimepungukiwa miezi miwili tu, ukataka kunitenga na mwanangu!"

"Mke wangu, nisamehe. Sikujua..."

"Hukuuliza! Sasa msamaha huo usiniombe hapa ndani. Aibu ulinitia mbele ya watu."

Kesho yake msusi alimchukua mwanawe kwa wifi, akarudi kazini kichwa wazi, mtoto akiwa mgongoni. Kinyozi alizima mashine, akasimama mlangoni na kueleza yote mbele ya wateja na dada yake: kwamba mkewe hana laana, kwamba ni homoni, kwamba hata upara wake mwenyewe ni homoni. Sauti yake ilikuwa ndogo kama ya mtu aliyebanwa na mlango. Wifi alitazama sakafu, na tangu siku hiyo hakupanga zamu tena pale, kwani msusi hakutaka.

Miezi minane baadaye nywele zilikuwa zimemjaa. Zile za mumewe hazikurudi, wala hakuthubutu tena kumwaibisha mtu kwa nywele zake. Ama kweli, nyani haoni kundule.