Bei Ile Ile

Paukwa!

Pakawa!

Walio mbele wameitikia, walio nyuma wanatafuna. Haya, mezeni kwanza. Paukwa!

Pakawa!

Hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa wakilima na kuuziana mazao, palikuwa na nchi yenye mikoa mitatu. Mkoa wa Mlimani ulilima viazi. Mkoa wa Bondeni ulilima mahindi. Mkoa wa Ziwani ulichota chumvi. Wa Mlimani hakuwa na chumvi, wa Ziwani hakuwa na mahindi, wa Bondeni hakuwa na kiazi. Kila mmoja alimhitaji mwenzake, na wote walimhitaji Nyani.

Nyani alikuwa mfanyabiashara wa jumla. Hakuuza kwa fungu wala kwa kopo. Alinunua kwa gunia, akauza kwa gunia. Punda wake walipanda mlima, ko, ko, ko. Wakashuka mlima, ko, ko, ko. Yeye alikaa juu ya punda wa mwisho, anatafuna kitu.

Huko Mlimani, kwenye majabali, aliishi Pimbi. Pimbi ni mnyama mdogo, hana mkia, na kazi yake kubwa ni kuota jua. Huyu wetu hakuwa na muda wa kuota jua. Mumewe alichukuliwa na tai mchana kweupe, watu wanaona. Akabaki na watoto, na mama mkwe, na shamba la viazi. Viazi vya kuuza aliviweka ghalani. Viazi vya mbegu alivifukia shimoni, akafunika kwa majani makavu. Shimo hilo haliguswi. Likiguswa hilo, msimu unaofuata hakuna shamba.

Biashara yenyewe ilikuwa nyepesi. Gunia la viazi kwa gunia la mahindi. Linaingia hili, linatoka lile, watu wanaagana.

Msimu mmoja Nyani akaja na magunia yenye wavu uliofungwa mdomoni.

"Bwana Nyani," Pimbi akauliza, "hiki cha juu ni nini?"

"Kilemba tu, shemeji. Viazi vinasinyaa njiani. Nikifika Bondeni gunia limepwaya, wateja wananinunia. Ongeza ongeza kidogo."

"Na bei?"

"Bei ile ile. Gunia kwa gunia. Mimi nimbadilishie bei mjane, halafu nikalale wapi?"

Pimbi akajaza. Du, du, du, viazi vikafika mdomoni. Nyani akasema bado. Du, du, du, vikapita mdomo, vikaingia kwenye wavu, gunia likaota kichwa. Hiyo ndiyo lumbesa. Wakubwa mnaijua. Watoto mtaijua.

Msimu uliofuata kilemba kikarefuka.

"Na bei?"

"Ile ile."

Msimu mwingine gunia la mahindi likaja limeshonwa chini ya mdomo. Mwingine tena, likaja limeshonwa kiunoni.

"Bwana Nyani, mbona hili limekatwa?"

"Halijakatwa. Bondeni ndivyo wanavyoshona siku hizi."

"Na bei?"

"Shemeji, unapenda kurudia maneno. Ile ile."

Pakacha la chumvi nalo likaja limetandikwa majani ya mgomba, majani juu ya majani, na chumvi imekaa juu yake, haba. Bei yake? Mnaijua. Semeni wenyewe.

Ile ile.

Sasa, nchi hiyo ilikuwa na mfalme, naye ni Tembo. Tembo alipenda kujua hali ya nchi yake. Alipenda zaidi hali hiyo iwe nzuri. Basi akamteua Kwarara awe mpiga mbiu wa bei. Kwarara ni ndege mwenye mdomo mrefu na sauti ya kukera. Akiamka yeye, mtaa mzima umeamka. Kila msimu alizunguka masoko ya jumla ya mikoa yote, halafu akatangaza.

Alizunguka, lakini hakutua. Masokoni kuna tope, kuna punda, kuna mateke. Kwarara alikuwa na cheo, na miguu safi. Alipita juu, akauliza kwa sauti:

"Gunia la viazi Mlimani, bei gani?"

"Gunia la mahindi," Nyani akajibu kutoka chini.

"Gunia la mahindi Bondeni, bei gani?"

"Gunia la viazi."

Akapita na Ziwani, akauliza chumvi, akajibiwa. Kisha akarudi kwa Tembo, njia nzima anatangaza. "Ngaa, ngaa! Viazi, bei ile ile. Mahindi, bei ile ile. Chumvi, bei ile ile. Nchi imetulia."

Tembo akapigapiga masikio, pwaa, pwaa. Alifurahi sana, akaagiza chakula.

Nyumbani kwa Pimbi chungu kilikuwa kinakwanguliwa. Kwaru, kwaru. Mama mkwe alikuwa amekaa pembeni, anasikiliza mkwaruzo ule.

"Mkamwana."

"Abee, mama."

"Shamba ni lile lile?"

"Lile lile, mama."

"Na bei?"

"Umemsikia Kwarara, mama. Ile ile."

"Basi mahindi yanakwenda wapi?"

Pimbi akaendelea kukwangua chungu.

"Enzi za mwanangu tulikuwa tunasaza," mama mkwe akasema. "Leo watoto wanaramba mwiko. Mimi simtaji mtu. Lakini kuna mtu anakula jikoni kabla ya wenzake, au kuna mtu anapeleka kwao."

Ilimchoma Pimbi. Ilimchoma zaidi kwa sababu alianza kuamini. Bei haijabadilika, shamba halijabadilika, basi kosa ni la nani kama si lake? Akawa anapima unga mara mbili. Akawa anajinyima yeye. Wa nje wakasema Pimbi amekonda, mama mkwe akasema ni dhamira inamla.

Hata siku moja yuko shambani, anashona lumbesa ya Nyani. Sindano inaingia, inatoka. Akatazama chini, akaona amesimama juu ya jiwe. Akashangaa. Zamani alishona gunia miguu ikiwa ardhini. Lini alianza kupanda jiwe? Hakukumbuka. Akashuka, akasimama karibu na gunia. Lilimpita kichwa.

"Mimi sijafupika," akasema.

Akafunga safari mpaka barazani kwa mfalme. Nyani alikuwepo, amekaa karibu na chakula. Kwarara alikuwepo, juu ya mti.

"Sema," Tembo akasema. "Bei imepanda?"

"Haijapanda, mfalme. Gunia ndilo limepanda."

Baraza likacheka. Nyani akacheka kwa adabu, mkono mdomoni.

"Mfalme, bei nimeuliza kwa kinywa changu," Kwarara akasema.

"Ulitua?" Pimbi akauliza.

"Mpiga mbiu hatui."

Tembo hakupenda mabishano wakati wa kula. "Sikilizeni nyote," akasema. "Katika nchi yangu gunia ni gunia. Likiwa na mdomo, na mdomo ukiwa umeshonwa, hilo ni gunia. Nisisikie tena habari hii."

"Nimesikia, mfalme," Pimbi akasema, akarudi kwao.

Mavuno yakaisha, ukafika wakati wa ushuru. Ushuru wa Tembo ulikuwa gunia moja kwa kila nyumba. Asiyelipa alitolewa majabalini, akakae uwandani. Na uwandani, juu, tai anazunguka.

Pimbi akaingia ghalani. Viazi vyote vilikwenda na vilemba vya Nyani. Likabaki lile shimo la mbegu.

"Fukua," mama mkwe akasema. "Utafanyaje? Ulipokuwa unatapanya hukuliona hili."

Pimbi akaenda shimoni, akaondoa majani, akakaa. Viazi vilikuwa vimeanza kutoa macho. Akitoa gunia zima, mbegu zimekwisha. Asipotoa, tai. Alilia, si sana, kwa sababu watoto walikuwa karibu. Kisha akafuta machozi, akachukua gunia tupu, akalikunja, akalishona chini kabisa, usawa wa goti lake. Goti la pimbi mnalijua lilivyo. Akatia viazi kiganja kimoja. Akashona mdomo.

Jirani zake wakaja kutazama.

"Utatuponza," wakasema.

"Lina mdomo," Pimbi akasema, "na limeshonwa."

Jirani wakatazamana. Mmoja akaondoka bila kuaga, akaenda kutafuta sindano. Na mwingine. Mpaka jua linazama, Mlimani kote kulikuwa kunashonwa.

Siku ya ushuru pimbi wote wakateremka na magunia yao, kila mmoja ameweka la kwake kwapani. Tembo alikuwa amengoja viazi tangu asubuhi. Akachukua gunia la kwanza, akamimina kinywani. Kwisha. La pili, kwisha. La mwisho, kwisha. Akapapasa chini kwa mkonga.

"Ushuru wa Mlimani uko wapi?"

"Umeula, mfalme," Pimbi akajibu.

"Vile vilikuwa vifuko."

"Vilikuwa na midomo, mfalme, na imeshonwa. Ulisema mwenyewe hilo ni gunia."

Tembo angeweza kumkanyaga, na hakuna ambaye angeuliza. Lakini alikuwa amesema mbele ya watu. Akainua kichwa.

"Kwarara. Ushuru wa Mlimani mwaka huu ukoje?"

Kwarara akaruka juu kidogo, kama kawaida yake, akatazama, akatangaza. "Ngaa, ngaa! Gunia kwa kila nyumba. Ushuru ule ule."

Tumbo la Tembo likanguruma, gurrr, mpaka Nyani, aliyekuwa amekaa kando yake, akasogea. Tembo akakaa akiwaza. Yale ambayo masikio yake makubwa hayakusikia, sasa aliyasikia tumboni.

"Leteni gunia la Nyani," akasema.

Likaletwa, na kilemba chake. Likasimamishwa kando ya gunia tupu la Pimbi. Moja liliwapita watu kimo, jingine lilihitaji kuinamiwa. Yote mawili yaliitwa gunia. Nyani akaanza kueleza habari za viazi kusinyaa njiani.

"Nyamaza," Tembo akasema.

Akaamuru gogo litundikwe katikati kwa kamba katika kila soko, Mlimani, Bondeni na Ziwani. Upande mmoja jiwe, upande mwingine mzigo, na mawe yote yawe na uzito mmoja. Bei ikatajwa kwa jiwe, si kwa gunia. Na Kwarara akaamriwa atue, asimame kwenye tope, atazame gogo limekaa sawa ndipo afungue mdomo.

Kwarara akazunguka upya. Safari hii alichelewa, akarudi na matope mpaka magotini. Akatangaza:

"Viazi vya Mlimani vimeshuka, vimeshuka nusu. Mahindi ya Bondeni yamepanda maradufu. Chumvi ya Ziwani imepanda, na karibu nusu ya pakacha ni majani."

Nchi ikawaka moto. Wanyama wakamrushia Kwarara udongo. Wakamwita ndege wa mikosi. Wakasema alipokuwa hatui bei zilikuwa nzuri, alipoanza kutua ndipo maisha yakapanda. Hata Tembo alinong'ona kwamba tangazo la zamani lilikuwa tamu zaidi. Nyani, kwa taarifa yenu, hakufilisika. Alipima kwa jiwe kama wengine, na alilalamika njia nzima.

Siku tangazo lilipofika Mlimani, Pimbi alikuwa anapanda zile mbegu. Mama mkwe alikuwa anafukia nyuma yake. Sauti ikapita juu yao, ngaa, ngaa. Jembe la mama mkwe likasimama.

"Amesema viazi vimeshuka?"

"Amesema, mama."

"Vimeshuka tangu lini?"

"Tangu kilemba cha kwanza."

Mama mkwe akakaa kwenye tuta. Akachambua udongo kwa vidole, hana anachotafuta.

"Mkamwana, mimi nilikuita mwizi."

"Hukuniita, mama."

"Nilikuita. Sikulitamka tu."

Pimbi akaendelea kupanda, maana jua lilikuwa linakwenda.

Jioni mama mkwe akaingia jikoni mwenyewe, akapakua mwenyewe. Bakuli la kwanza hakuwapa watoto, hakujiwekea yeye. Alimpa mkamwana wake kwa mikono miwili, akasimama pale pale mpaka akamaliza. Uji ulikuwa mwepesi kama wa jana. Pimbi aliunywa wote, na kwa mara ya kwanza tangu afiwe, alishiba.

Basi, wasikilizaji, wakubwa na wadogo: mtu akikuambia bei haijabadilika, mwambie akuonyeshe kipimo. Na nyumbani chakula kikipungua, usianze kwa kumshuku mpishi.

Hadithi yangu mimi imeishia hapo, na anayeona ni fupi airefushe kwa kinywa chake.