Mkopo wa Wodi na Fungu la Nyanya

Hii nimeletewa na shemeji yangu, naye aliletewa na mtu wa kwaya yao. Ilikoanzia sijui. Nimeisoma mara mbili, nikaona si haki kukaa nayo peke yangu. Nawe isome hadi mwisho kabla hujaanza kuuliza mwenyekiti ni wa chama gani.

Kulikuwa na mji mdogo huko nyanda za juu, mji wa baridi, viazi na nyanya, na ulikuwa na sheria moja ya kizamani. Halmashauri ya mji huo haikuruhusiwa kukopa hata senti ya kujengea mpaka wananchi wakutane na kukubali kwa kunyoosha mikono. Waliotunga sheria hiyo walishazikwa wote, lakini sheria yao ilikuwa hai, na kila mwenyekiti aliyeingia aliilaani kimoyomoyo.

Mwenyekiti wa wakati huo aliitwa Ambokile. Hakuwa mwizi. Hilo nalisema mapema, maana najua baadhi yenu mmeshamhukumu. Alikuwa mtu wa kazi, anayefika ofisini kabla ya mfagiaji. Lakini ofisi yenyewe ilikuwa imechoka, naye alitaka mpya, tena ya ghorofa. Akataka na ukumbi wa mikutano. Na kwa kuwa kalamu ilikuwa bado ina wino, akaongeza nyumba ya kuishi mwenyekiti.

Aliwajua watu wake. Alijua ukiwatajia ofisi watasema hapana kabla hujamaliza neno. Lakini kulikuwa na jengo moja ambalo hakuna mtu pale mjini angelikataa, nalo ni wodi ya wazazi. Zahanati yao haikuwa na chumba cha kujifungulia. Mwanamke akishikwa na uchungu alipakiwa kwenye bodaboda, kilomita arobaini za mashimo hadi hospitali ya wilaya jirani. Wengine walifika. Wengine walijifungulia njiani.

Basi Ambokile akaviweka vyote vinne katika mkopo mmoja, na mkopo mmoja ukawa na kura moja: ndiyo au hapana.

Sasa, sokoni alikuwepo mama mmoja muuza nyanya, jina lake Subilaga, ila watu walimwita Mama Tusekile kwa jina la binti yake. Alikuwa na miaka kumi na tisa katika biashara hiyo. Aliuza kwa mafungu, kama wanavyouza wengine: nyanya nne chini, moja juu, fungu elfu moja. Na kama umewahi kununua nyanya kwa fungu, unajua kwamba kuchagua hairuhusiwi.

Binti yake, Tusekile, mwaka uliotangulia alikuwa mmoja wa wale waliojifungulia njiani. Mtoto hakuishi. Sasa alikuwa na mimba nyingine, ya miezi mitatu, na hakuna usiku mama yake alilala bila kuiwaza ile barabara.

Siku ya mkutano ilikuwa Alhamisi, siku ya soko. Mkutano ulifanyika hapohapo sokoni kwa sababu ndipo penye uwanja wa kutosha. Wachuuzi walisimamisha biashara, wakaacha bidhaa zao zimepangwa, wakasogea mbele.

Ambokile alisimama. Nyuma yake lilitundikwa bango kubwa lenye picha ya wodi: kuta nyeupe, maua mlangoni, mama amembeba mtoto anayecheka.

"Ndugu zangu," alisema, "mama zetu wameteseka vya kutosha. Nimeongea na mafundi. Mkikubali mkopo leo, miezi mitano wodi inafunguliwa. Nani anapinga mtoto kuzaliwa salama?"

Watu walipiga makofi. Mikono ikaanza kunyanyuka hata kabla haijaombwa.

Mama Tusekile alisimama. "Mwenyekiti, shikamoo."

"Marahaba, mama."

"Nina swali dogo. Huo mkopo wote ni wa wodi?"

Ambokile alimwangalia mtendaji wake. Mtendaji alifungua makaratasi, akakohoa. "Wodi ni kama sehemu ya tano ya mkopo," alisema kwa sauti ya mtu anayesoma tangazo la msiba.

"Na sehemu nne zilizobaki?"

"Ni ofisi ya ghorofa. Ukumbi. Na makazi ya mwenyekiti."

"Tutalipa na nini?"

"Ushuru wa soko utapanda. Kwa miaka kumi na miwili."

Makofi yalikufa. Mzee mmoja muuza majembe alisema taratibu, "Kukopa harusi, kulipa matanga," na waliomsikia wakaguna.

Mama Tusekile akasema, "Mwenyekiti, mimi ni muuza nyanya, hesabu kubwa sizijui. Ila fungu nikiliona nalitambua. Hapo juu umetuwekea nyanya moja nzuri sana. Tunaomba ulimwage, tuchague. Wodi ipigiwe kura yake, na hayo mengine yapigiwe yake."

Uwanja mzima ulicheka. Hata polisi aliyeletwa kulinda mkutano aligeuka pembeni kuficha meno.

Ni mtu mmoja tu ambaye hakucheka. Tusekile alimvuta mama yake kitenge, akamnong'oneza, "Mama, kaa chini. Mwenyekiti akikasirika akauondoa mkopo wote, mimi nitakwenda wapi? Nipande tena pikipiki?"

Mama yake alijua binti yake amesema kweli, na alijua pia kwamba kwa miaka kumi na miwili angekuwa anamjengea mtu nyumba kwa nyanya zake. Alibaki amesimama kwa sababu miguu ilikataa kukaa.

Ambokile alikuwa amechomwa. Kuchekwa mbele ya watu wako si jambo jepesi. Lakini hakupiga kelele. Alishuka jukwaani polepole, akapita katikati ya watu, akaenda hadi kwenye turubai la Mama Tusekile pembeni mwa uwanja. Mafungu yalikuwa yamepangwa safi, mistari minne, mekundu kama zulia.

"Mama," aliita, "fungu bei gani?"

"Elfu moja, Mwenyekiti."

"Naruhusiwa kuchagua?"

Kila mtu pale alikuwa amewahi kununua nyanya kwa Mama Tusekile, na kila mtu alilijua jibu.

Ambokile aliinama. Akachukua nyanya ya juu ya fungu la kwanza, akainyanyua watu waione. Ilikuwa nzuri, ngumu, inang'aa. Akachukua ya chini, akaigeuza. Upande uliokuwa umelala kwenye turubai ulikuwa umepasuka na kuwa mweusi. Akagusa fungu la pili. Vilevile.

"Miaka kumi na tisa, mama," alisema. "Miaka kumi na tisa unatugeuzia upande mzuri. Halafu leo unanifundisha mimi kupanga fungu?"

Kicheko cha mara hii kilikuwa kikubwa kuliko cha kwanza, tena kilikuwa na uchungu, maana wengi walikumbuka mboga zao zilizoharibiwa na nyanya hizo. "Nyani haoni kundule!" mtu akapaza sauti kutoka nyuma.

"Basi," Ambokile akasema, "tupige kura kwa fungu zima, kama tunavyonunua kwako."

Mama Tusekile aliona aibu. Siwezi kuipamba, ilikuwa aibu hasa. Angeweza kujitetea kwamba sokoni wote wanafanya hivyo, na ni kweli wote wanafanya. Angeweza kumtukana, na wapo ambao wangemshangilia.

Hakufanya hayo. Alitembea hadi kwenye turubai lake, akapiga magoti, akaanza kumwaga mafungu. Moja, jingine, jingine, yote arobaini. Kisha akachambua. Nzuri aliziweka kushoto. Zilizooza alizitupa ndooni. Zilizobonyea kidogo akaziweka peke yake, akasema, "Hizi za mchuzi, nusu bei." Tusekile alikuja akachutama karibu naye, akaanza kumsaidia. Kazi hiyo ilichukua muda, na nakwambia hakuna aliyeondoka pale.

Alipomaliza, ndoo mbili zilikuwa zimejaa. Faida ya siku yake yote ilikuwa ndani ya ndoo zile.

Akasimama, akajifuta mikono kwenye kitenge. "Jamani, nimewakosea. Mwenyekiti amenikamata kwa haki kabisa. Kuanzia leo, atakayekuja kwangu achague mwenyewe." Kisha akamgeukia Ambokile, akasema kwa upole, bila kejeli hata kidogo, "La kwangu nimelimwaga, baba. Tunaomba na la kwako."

Ambokile alikuwa bado ameshika nyanya mbovu. Maji yake yalikuwa yanamchuruzika mkononi hadi kwenye saa, wala hakuwa ameona.

Alikuja kushinda mabishano, na mabishano yalikuwa yameisha. Huwezi kumshinda mtu ambaye amekwisha kukubali kosa. Aliitia ile nyanya ndooni, akarudi jukwaani, akamnyang'anya mtendaji makaratasi, akaanza kusoma mwenyewe, jengo moja baada ya jingine, na gharama ya kila moja.

Alipofika kwenye makazi ya mwenyekiti aliinua uso, akawatazama watu. Halafu akasema, "Hii hakuna aliyeniomba. Niliiongeza mimi." Akachukua kalamu akaikata.

Wodi ilipopigiwa kura, mikono yote ilinyooka. Tusekile alinyoosha miwili, mtendaji akamwambia ashushe mmoja. Ukumbi ulipata mikono tisa, nao mkutano ukaucheka ukauacha.

Ikabaki ofisi. Ambokile aliitaja kwa sauti ndogo, kama mtu anayemaliza wajibu tu, na hakuna mkono ulionyanyuka.

Yule mzee muuza majembe ndiye aliyeuliza. "Mwenyekiti, kwani ofisi ya sasa ina nini?"

"Inavuja, mzee wangu. Masika yakianza tunapanga mabeseni. Daftari la vizazi la miaka sita limelowa, halisomeki. Hati za viwanja vyenu tumezihamishia chini ya meza yangu, ndipo penye ukavu. Mwakani sijui tutaziweka wapi."

Watu wakatazamana. Hakuna kati yao aliyewahi kulisikia jambo hilo. Waliokwenda kutafuta cheti cha mtoto walikuwa wameambiwa tu, "Njoo wiki ijayo."

"Mbona hukutuambia?" mzee aliuliza.

"Nilidhani mngekataa."

"Ghorofa tungekataa," mzee akasema. "Bati nani atakataa? Hati ya shamba langu iko chini ya meza yako, wewe!"

Ambokile akaikata ghorofa, akaandika paa la bati na chumba cha hati, akaita kura. Mkono wa kwanza kunyanyuka ulikuwa wa Mama Tusekile. Ulikuwa bado na madoa mekundu hadi kwenye kiwiko. Ukafuata wa mzee, kisha mingine, mpaka mtendaji akaacha kuhesabu. Paa jipya na chumba kimoja cha kutunzia hati vilipita siku hiyohiyo, pamoja na wodi. Mkopo mzima haukufika hata theluthi ya ule ulioandaliwa, na ushuru ukapanda kwa miaka mitatu badala ya kumi na miwili.

Ambokile aliketi. Miaka yote mitatu ya uenyekiti wake alikuwa amewaogopa watu ambao wangemkubalia baada ya swali moja tu, kama angewaeleza.

Mafundi waliahidi miezi mitano, wakamaliza kwa karibu sita, mnajua mafundi. Kuta za nje zilikuwa bado hazijapigwa lipu na maua ya kwenye bango hayakupandwa. Lakini kitanda kilikuwepo, maji yalikuwepo, na mkunga alikuwepo.

Alfajiri moja ya mvua Tusekile alishikwa na uchungu. Mume wake alitoka mbio kwenda kutafuta pikipiki, kwa mazoea tu. Aliporudi nayo akakuta nyumba tupu.

Mke wake alikuwa ameshaondoka kwa miguu. Alitembea hadi zahanati, akisimama mara mbili kushika ukuta wa jirani, na mama yake nyuma yake amebeba chupa ya uji.

Mtoto alilia kabla uji haujapoa.

Funzo: Anayemtaka mwenzake amwage fungu lake, na aanze kumwaga la kwake, na mwenye haja ya kweli asiifiche chini ya nyingine, maana watu hawakatai kuombwa, wanakataa kufichwa.