Kambare Waliokataa Kuhama

Hapo zamani za kale, wajukuu zangu, ngedere walipokuwa bado wanajenga nyumba zenye sebule na kukaribisha wageni kwa kahawa, Mzee Ngedere alikuwa na tangi la kioo lililojaa samaki. Wageni walilitazama hata kahawa ikawapoea mkononi.

Siku moja alileta kambare wawili, kila mmoja mdogo kama kidole. Wa kwanza akamwita Ndevu, wa pili Mashavu. Kosa lake lilianzia hapo, maana kambare hana kiasi katika kukua. Wakala dagaa wote. Wakakua. Wakala perege wote. Wakakua tena, hata mmoja akigeuka, mkia wake unampiga mwenzake kofi.

Akabaki Furu peke yake, samaki mama mdogo kuliko jani la mpera, na watoto wake kumi na tisa. Waliishi katika mtungi wa udongo uliolala chini ya tangi, wenye shingo nyembamba isiyopitisha kichwa cha kambare. Hatari ikizidi, Furu aliwakusanya watoto kinywani, kama wafanyavyo mama wote wa kabila lake, na ikipita aliwatema wakiwa wazima.

Kambare walilinda mlango wa mtungi kwa zamu.

"Bi Furu," Ndevu alimwita kila asubuhi, "watoto hawajambo?"

"Mm," Furu alijibu, kinywa kimejaa.

"Wananenepa?"

"Mm-mm!"

"Wanenepeshe tu, mama," Mashavu alidakia. "Mtungi haukui. Siku watakapobanana watatoka wenyewe. Sisi hatuna haraka."

Na kweli mtungi ulikuwa umeanza kubana. Watoto walilala mmoja juu ya mwingine, wakigombania mahali pa kuweka mikia. Furu alikisia: siku tatu, zikizidi nne. Baada ya hapo, hata kinywani hawataenea.

Mzee Ngedere naye alikuwa amewachoka kambare. Alikuwa amewachimbia bwawa nyuma ya jiko, lenye tope laini na maji tele, ili awahamishie huko. Lakini kuwahamisha sasa! Siku nane nzima alikuwa amejaribu.

Alikuja na wavu. Chwaa! Ndevu akautoboa. Akaja na beseni, akamkumbatia Mashavu kifuani kama mtoto. Pa! Mashavu akamchoma kwa mwiba wa pezi, akateleza, akarudi tangini, puu! Nusu ya maji ikaishia kwenye mkeka wa wageni. Akaja na beseni kubwa zaidi. Mambo yakawa yaleyale, ila mkeka ulilowa zaidi. Na kila aliposhindwa, alirudisha kifuniko cha tangi, akapandisha juu yake jiwe la kusagia, akihema.

Siku ya tisa uvumilivu ulimwisha.

"Lo! Nimechoka mimi!" alipiga kelele, akinyonya kidole kilichovimba. "Bwawa zima nimewachimbia kwa mikono hii! Mnataka nini?"

"Hapa tunaletewa chakula," akasema Ndevu. "Huko tutakitafuta wenyewe. Tusumbuke kwa nini?"

"Tena humu kuna kitoweo hatujakimaliza," akaongeza Mashavu, akiutazama mtungi.

Ngedere akatoka kwa hasira, akarudi, akasahau alichorudia, akatoka tena.

Furu aliyaona hayo yote kupitia shingo ya mtungi, na kilichomchosha kuliko kambare ni lile jiwe. Kila mwenye mapezi anajua kwamba kambare hutembea. Ardhi ikilowa kwa mvua, hujiinua juu ya mapezi yake, akajivuta majanini kutoka dimbwi hadi dimbwi, akivuta hewa kama mimi na nyinyi. Lakini ngedere ni mkaazi wa mitini. Mambo ya matopeni angeyajulia wapi?

Mchana huo kambare walishiba maini, wakasinzia wote wawili. Furu akawatema watoto, akawaonya wasitikisike, akachomoka hadi kiooni.

"Mzee! Mzee Ngedere!"

"Nini tena? Na wewe umekataa kuhama?"

"Hilo jiwe kwenye kifuniko ni la nini?"

"La kuwazuia wasitoke!"

"Na wavu ulikuwa wa nini?"

"Wa kuwatoa!"

Furu alimngoja mzee ayasikie maneno yake mwenyewe. Mzee hakuyasikia.

"Baba yangu," akasema Furu, akijizuia, "liondoe hilo jiwe. Egemeza ubao kutoka hapa hadi sakafuni, uache mlango wa nyuma wazi. Mvua ikinyesha, kaa jikoni, usiseme neno."

"Samaki atembee? Kwa miguu gani?"

"Njia yako umeijaribu siku ngapi, mzee wangu?"

Ngedere akakitazama kidole chake. Akaliondoa jiwe.

Jioni ilikuwa zamu ya Ndevu mlangoni mwa mtungi, na Mashavu alikuwa usingizini.

"Bwana Ndevu," Furu akanong'ona, "mimi si mchongezi. Lakini je, unajua kwamba bwawani kuna kilindi kimoja tu, chini ya shina la mkuyu, chenye kivuli na konokono wanono?"

"Kinanihusu nini?"

"Hakikuhusu tena. Ndugu yako ameshakiomba kwa mzee. Wewe utapewa kule kwenye kina kifupi, bata wanakonyea."

"Mashavu? Si aliapa kwamba hatoki hapa?"

"Aliapa mbele yako, bwana. Ya nyuma yako siyasemi."

Ndevu akamtupia jicho Mashavu aliyelala. "Anakwenda lini?"

"Mvua ya kwanza. Na desturi ya kuhamia unaijua: anayetandika mkeka kwanza ndiye mwenye chumba."

Zamu ikabadilika. Mashavu akaja mlangoni, na Furu akamweleza maneno yaleyale, akibadilisha jina tu.

Kesho yake alasiri, mvua ikagonga bati: ta, ta, ta, kisha shwaaa!

"Khrrr," akakoroma Ndevu.

"Khrrr," akakoroma Mashavu.

"Umelala?"

"Nimelala. Na wewe?"

"Nimelala sana."

Kifuniko kikainuka upande mmoja. Kikainuka na upande wa pili.

"Unakwenda wapi, ndugu yangu?"

"Kunyoosha mgongo. Na wewe?"

"Hata mimi mgongo unaniuma."

Wakateremka ubaoni, chwata, chwata, wakakatiza sebule.

"Mgongo gani huo unaonyooshwa hadi mlangoni?"

"Wako ndio uliotangulia!"

Hapo adabu ikawaishia. Wakatoka mbio majanini, wakisukumana vichwa, wakikanyagana ndevu. Chwata-chwata-chwata! Chubwi! Chubwi!

Ngedere alibaki jikoni, mwiko mkononi, mdomo wazi. Kisha akaruka, akaufunga mlango, ndi!

Bwawani, kambare walizunguka huku, wakazunguka kule. Kina kilikuwa kilekile kila mahali, na mkuyu haukuwepo.

"Kilindi kiko wapi?" akauliza Ndevu.

"Nani alikwambia kuna kilindi?"

"Furu. Na wewe?"

Mashavu akasema, "Furu."

Wakageuka ili warudi. Lakini mvua ilikuwa imekatika, jua limewaka, majani yamekauka, na mlango haukuwa na ufa.

Mzee Ngedere alisimama mbele ya tangi, mikono kiunoni.

"Bi Furu! Siku zote hizo ulijua kwamba wanatembea?"

"Nani majini asiyejua?"

"Basi mbona hukuniambia mapema?"

"Nilikuwa na watoto kumi na tisa kinywani, mzee. Na kila ulipokuja, ulikuwa unapiga kelele."

Ngedere akalibeba jiwe lake, akaenda kusagia ulezi.

Furu akawaita watoto nje ya mtungi, mmoja mmoja. "Kumi na saba, kumi na nane... Wewe! Toka humo, hakuna wa kukula tena!" Kumi na tisa. Wakatawanyika tangi zima, na mama yao, kinywa kikiwa kitupu, akala kwa utulivu kwa mara ya kwanza tangu walipozaliwa.

Basi, wajukuu zangu, shikeni hili: mkaidi asiyevutika kwa mikono ya mwenye nyumba hukimbia mwenyewe akiogopa kutanguliwa na mwenzake.