Kupumzisha Mlima

Wapendwa, kaeni. Ninyi mliosimama mlangoni ingieni, huku mbele viti vipo. Sijui kwa nini watu wa Mungu mnaogopa viti vya mbele. Leo nina mlima wa kuwapandisha, mlima wenye kona saba, na sitaki mtu asinzie tukiwa kona ya pili.

Kulikuwa na bwana mmoja mwenye pikapu nyeupe. Nasema pikapu kubwa hasa, siyo hizi za kubebea mikungu miwili ya ndizi. Uso mpana, dizeli, silinda sita, na nyuma ina ndoano nene ya kuvutia tela. Kampuni iliyoitengeneza siitaji, maana nawajua. Humu ndani kuna washabiki, tutagombana kabla ya sadaka.

Kijijini kwake kulikuwa na pikapu nyingine ya ukubwa uleule, ya kijani, mali ya mwalimu mmoja mstaafu. Kampuni nyingine, nchi nyingine. Basi kila jioni pale kwenye mashine ya kusaga mahindi habari ilikuwa hiyo tu. Ipi imara? Ipi inavuta zaidi? Huyu anasema nyeupe ilinasua lori la mbao lililozama matopeni, aliona kwa macho yake. Yule anasema ya kijani ina miaka tisa haijalala njiani hata siku moja. Wakashindanisha springi, wakashindanisha difu, klachi, matairi, na mji ambako spea zinapatikana. Kuna watu pale hata baiskeli hawakuwa nayo, na ndio waliokuwa wakali kuliko wenye magari. Mnacheka? Haya, chekeni, mnajijua.

Lakini mwenye nyeupe msimcheke haraka. Bwana yule alikuwa na sababu yake.

Kijiji chao kilikuwa juu kabisa mgongoni mwa mlima, na chemchemi iko bondeni. Maji yalipandishwa kwa vichwa vya akina mama. Mwaka mmoja, msimu wa mvua, mke wake aliteleza na ndoo kichwani, akavunjika mguu chini kidogo ya nyonga. Mfupa uliunga, lakini uliunga vibaya. Tangu siku ile mama yule akawa anachechemea, na bado ndoo iliendelea kumsubiri kila alfajiri, maana ndoo haina huruma. Mumewe aliketi kando ya kitanda chake akamwambia, "Mama Anyisile, nakuahidi. Maji yatakuja huku juu, na mimi ndiye nitakayeyaleta. Hata kama ni kufa na kupona."

Na alikuwa mtu wa neno lake. Miaka mitatu alihangaika. Aliwakusanya wanakijiji, alipanda na kushuka maofisini mpaka soli za viatu zikaisha, hadi siku moja lori likaja likashusha mzigo chini ya mlima: pampu na injini yake, mabomba, na saruji. Lori lenyewe halikuweza kupanda, kona zilikuwa finyu mno. Ilibidi mzigo upandishwe kwa matela mawili, tela la pampu na tela la mabomba na saruji. Na mawingu ya masika yalikuwa yameshaanza kukusanyika kule upande wa ziwa. Mvua ikinyesha siku mbili mfululizo, njia ile inafungwa mpaka mwezi wa sita.

Sasa nisikilizeni hapa. Mlima ule ulikuwa na desturi yake. Gari lenye mzigo halikupanda peke yake. Nyuma yake walitembea akina mama na vijana, kila mmoja na kabari ya mti mkononi, kipande kizito cha kuwekea nyuma ya gurudumu. Kila kona dereva anasimama, wale wa nyuma wanaweka kabari, dereva anashuka, anazunguka mpaka kwenye tela, anaishika pini ya ndoano kwa mkono wake. Siyo kuitazama. Kuishika! Halafu anasalimiana na wale wa nyuma, wanapumua pamoja, wanaendelea. Wenyewe waliita kupumzisha mlima. Hawakusema gari limechoka, walisema mlima umechoka kukanyagwa, tuupumzishe.

Asubuhi ya kazi ilipofika, kijiji kizima kilikuwa kimeshagawanyika. Wengine walikuwa wamepanda juu tangu alfajiri wakangoje waone ni ipi itakayotokeza kwanza. Hakuna aliyetangaza mashindano, lakini nani hakujua kwamba ni mashindano?

Mwenye nyeupe akasema, "Pampu naivuta mimi. Gari langu ndilo lenye nguvu."

Mwalimu akamjibu, "Vuta wewe, baba. Mimi nitakuja na mabomba. Ila tuupumzishe mlima kila kona, njia ina utelezi."

"Mwalimu, desturi hiyo ni ya magari ya zamani. Hili langu likianza kupanda halisimami."

Wakacheka waliokuwepo, na bwana akasikia raha. Akina mama walikuwa wamejipanga nyuma ya tela lake na kabari zao. Akawaambia waende kwa Mwalimu, huko ndiko watakakohitajika. Wakaondoka wakinung'unika, isipokuwa mmoja. Mmoja alibaki amesimama, kabari mkononi, uzito wake wote ameuweka kwenye mguu mzima.

"Na wewe rudi, Mama Anyisile. Mguu huo utapanda nao mlima?"

"Nimepanda nao na ndoo, Baba Anyisile. Nitashindwa kupanda na kabari?"

"Rudi nyumbani, nimesema. Utanichelewesha."

Utanichelewesha! Mnamsikia? Nani aliyefanya pampu ile itafutwe? Kwa ajili ya mguu wa nani? Lakini asubuhi ile mguu uleule ukawa kikwazo. Mama akageuka, akaondoka na kabari yake. Bwana akamalizia kufunga mzigo, akachomeka pini, akafungulia kwaya kwenye redio mpaka mwisho, akang'oa gari.

Na nyeupe ilipanda, jamani. Tusiidhulumu kwa sababu ya mwenyewe. Kona ya kwanza ikapita inanguruma. Kona ya pili tope likaruka mpaka kwenye majani ya migomba. Ya tatu, pale ambapo kila dereva anasimama hata kama amebeba vitunguu, alipita bila kugusa breki. Vioo vya pembeni alikuwa amevipindua vitazame kona za chini, ili ajue Mwalimu yuko wapi. Akamwona: pikapu ya kijani imesimama kona ya pili, watu wameizunguka, Mwalimu ameinama kwenye ndoano anashika pini yake. Bwana akacheka peke yake ndani ya gari.

Baada tu ya kona ya nne palikuwa na korongo dogo lililochimbwa na maji, likikatiza njia. Gari likaruka, likatua, likatikisika kidogo. Halafu, wapendwa, kitu cha ajabu kikatokea. Gari likawa jepesi.

Ghafla! Injini iliyokuwa inalia ikaanza kuimba. Akabadilisha gia, gari likaitika. Akabadilisha nyingine. Bwana akapiga usukani kwa kiganja, akasema kwa sauti, "Hili ndilo gari! Linapanda kama halina mzigo!"

Aa, mbona mmenyamaza? Ninyi mmeshajua. Yeye hakujua.

Alipita kona ya tano akiimba pamoja na kwaya. Akapita ya sita. Ya saba aliipiga kwa honi ndefu, akatokeza juu kwenye uwanja wa zahanati, watu wakapiga vigelegele, mashabiki wa nyeupe wakarusha kofia. Akafungua mlango, akasimama juu ya ngazi ya gari, mikono yote miwili hewani.

Vigelegele vikakatika kimoja kimoja.

Kulikuwa na bibi mmoja pale mbele, ameketi juu ya ndoo yake aliyoipindua. Bibi huyo aliteka maji bondeni tangu akiwa binti. Alitazama nyuma ya pikapu, akamtazama bwana, akauliza taratibu, "Baba, umefika. Pampu yetu iko wapi?"

Bwana akageuka. Nyuma ya gari palikuwa na ndoano tupu, na tope.

Bwana yule aliteremka ngazi, akazunguka mpaka kwenye ndoano, akaishika kwa mkono wake. Miaka mitatu. Viatu vilivyoisha soli. Kiapo cha kando ya kitanda. Na pampu iko wapi? Iko bondeni imekuwa vyuma chakavu? Halafu wazo la pili likamjia, likamchoma kuliko la kwanza: kwamba nyuma ya tela lile huenda palikuwa na mtu anayetembea. Mtu asiyeweza kukimbia.

Hakupanda gari. Alishuka mbio kwa miguu, akakata njia za mkato, akaanguka, akainuka, mikono imejaa miiba. Kona ya sita hakuna kitu. Ya tano hakuna kitu. Alikuwa anaita, "Mama Anyisile! Mama Anyisile!" na sauti ilishakauka.

Juu kidogo ya kona ya nne akalikuta tela. Lilikuwa limerudi nyuma hatua kama ishirini, ulimi wake umelima mfereji kwenye tope, na gurudumu moja lilikuwa mkono mmoja tu kutoka ukingoni. Pampu ilikuwa juu yake, nzima. Nyuma ya gurudumu lile palikuwa na kabari. Kabari moja. Na juu ya kabari, ameegemeza mgongo wake kana kwamba mgongo utasaidia, alikuwa ameketi mke wake, tope mpaka kwenye kilemba.

Hakuwa amerudi nyumbani. Alikuwa ametangulia kwa njia za mkato tangu mzigo unafungwa, polepole, kwa mguu wake ule mbovu, na tela lilipochomoka ndipo alipokuwa anatokeza njiani. Angekuwa mwepesi angekuwa ameshapita. Uzito wake ndio uliomweka mahali pale kwa saa ile.

Bwana alipiga magoti kwenye tope. Ndipo mama akasema, "Mlima haujapumzishwa, Baba Anyisile."

"Nisamehe, mke wangu."

"Nitakusamehe tukifika. Kwanza leta mawe, kabari imeanza kuzama."

Ndiye mama huyo! Bwana akaleta mawe. Pikapu ya kijani ikafika, Mwalimu akashuka, akatazama, wala hakusema "nilikuambia." Alivua koti akaanza kubeba mawe naye. Nyeupe ikarudishwa kinyumenyume mpaka pale, tela likafungwa upya, safari hii kwa pini na mnyororo. Mama Anyisile akapandishwa kiti cha mbele, na kwenye usukani akaketi Mwalimu. Mwenye gari je? Mwenye gari aliichomoa ile kabari ya mke wake, akaenda akasimama nyuma ya tela pamoja na akina mama aliowafukuza asubuhi. Alitembea kona zilizobaki zote, na kila kona aliweka kabari, akaishika pini kwa mkono wake. Pampu ilipowekwa salama juu, Mwalimu na wenzake wakashuka tena kuyafuata mabomba. Matone ya kwanza ya masika yaliwakuta wote juu.

Nawaona. Kuna mtu hapo anataka kuniuliza, "Mchungaji, sasa ipi ilishinda?" Ndugu yangu, umesikiliza kweli? Juu kule hakuna aliyeuliza tena.

Sasa nisogeeni, niseme na sisi. Maana sisi ni hodari wa kulinganisha. Kwaya yetu na kwaya yao. Mchungaji wetu na wa kwao. Nani anaomba kwa nguvu, nani anafunga siku nyingi, imani ya nani haijawahi kulala njiani. Tunapimana silinda! Na wala sisemi nguvu ni mbaya. Mungu akikupa nguvu, vuta. Nauliza tu, umefungiwa nini nyuma yako? Maana hukupewa ndoano iwe pambo.

Yuko baba hapa ambaye mambo yamemwia mepesi siku hizi. Anapanda tu. Kazi inapanda, jina linapanda. Anasema, Mungu amenifungulia njia. Inawezekana, baba. Inawezekana kabisa. Lakini mara ya mwisho kula na wanao ilikuwa lini? Yuko dada aliyeokoka, ana amani tele, hana tena kelele za mama yake mgonjwa, kwa sababu hapokei tena simu za mama yake mgonjwa. Dada, amani hiyo imetoka wapi? Na mimi mchungaji wenu, siku ibada ikienda laini bila mtu yeyote kuja kunisumbua na shida zake, nifurahi au niogope?

Ukiona ghafla gari limekuwa jepesi, usiimbe kwanza. Simama. Shuka. Nenda nyuma ukaishike pini kwa mkono wako. Na kama utakuta ndoano tupu, usibaki kileleni ukingoja vigelegele. Shuka mbio, hata kwa miguu, hata kwa miiba, kwa maana huenda bado yupo mtu kule chini, yule uliyemwambia atakuchelewesha, ameegemeza mgongo wake kwenye mzigo wako ili usianguke.

Siku ile tutakapofika juu, Bwana hatatuuliza tulipanda na gari gani. Atatazama nyuma yetu.

Tusimame tuombe. Lakini kabla hujafumba macho, geuka kwanza uone uliyekuja naye yuko wapi.