Mwiko wa Bibi Kazija

Paukwaa?
— Pakawaa!
Palikuwa na nini?
— Palikuwa na mtu!
Mtu na nini?
— Mtu na yake!
Yake kayatoa wapi?
— Hatujui, tuambie!

Basi nyamazeni niwaambie. Na wewe mwenye njugu, tafuna polepole, mimi si redio ya kuongezwa sauti.

Hapo zamani za kale, zamani hasa, kabla kuku hajakosana na mwewe, palikuwa na msichana katika kijiji cha Kichangani, jina lake Mashavu. Hakuwa na baba, hakuwa na mama. Alilelewa na bibi yake, Bibi Kazija. Bibi akisema kaa, anakaa. Bibi akisema nyamaza, ananyamaza. Bibi asipofanya jambo, naye halifanyi, wala haulizi kwa nini.

Siku ya siku ikafika. Bibi Kazija yuko kitandani, pumzi zinakwenda zinarudi. Akaita, "Mashavu."

"Labeka, bibi."

"Mwiko wangu usiuvunje."

"Mwiko gani, bibi?"

"Mwiko wangu! Utakufaa ukiolewa." Akanyoosha kidole upande wa uani, kidole kikaanguka, roho ikatoka.

Maskini Mashavu! Akalia kwa uchungu, kisha akalia kwa kuchanganyikiwa. Mwiko gani jamani? Watu wana miiko yao: huyu hali kanga, yule hakati mkwaju, na anayeuvunja hupatwa na balaa. Sasa wa bibi ni upi? Wewe unayecheka pale, umekwishajua? Basi funga mdomo, waache wenzako wapate taabu kama aliyoipata Mashavu.

Akakaa akafikiri. Bibi alikuwa hafanyi nini?

La kwanza, bibi alikuwa hali kwa watu. Harusini hali, matangani hali, hata kikombe cha uji hakipokei.

La pili, bibi alikuwa hapiti mlango wa mbele wa nyumba ya mtu. Daima uani.

La tatu, bibi alikuwa hamtaji mtu asiyekuwepo. Kwa zuri wala kwa baya.

Upi kati ya hiyo mitatu? Mashavu hakujua. Akaona heri aishike yote. Na kweli akaishika, mwaka wa kwanza, wa pili, wa tatu. Watu wakamsifu: "Mashavu ana msimamo! Mashavu ana adabu!" Akisifiwa anafurahi, halafu anajiuliza, nasifiwa mimi hapa au anasifiwa bibi? Jibu halipati. Anaendelea kutwanga.

Akaja kuposwa. Mchumba ni Faki, mchonga vinu wa kijiji cha Mtondoni. Na Mashavu alimpenda Faki, msiniulize alimpenda vipi. Akisikia tu shoka lake linagonga, mchele unamwagika.

Sasa sikilizeni desturi ya Mtondoni, maana hapo ndipo penye kazi. Bi harusi huingia kwa mlango wa mbele, akapokewa na mavyaa wake, yaani mama wa mume. Siku tatu mavyaa humpikia kwa mkono wake mwenyewe. Bi harusi akila, amekuwa mtoto wa nyumba. Siku ya tatu ikipita hajala, hurudishwa kwao na ndoa imekufa. Wenyewe husema, aliyekataa chakula cha mama amemkataa na mtoto.

Siku ya kwanza. Ngoma, vigelegele, vumbi! Mavyaa, Bi Mkasi, kasimama mlangoni kajifunga kanga mpya. "Karibu, mkaza mwanangu, karibu!" Mashavu akafika kizingitini. Akasimama. Akageuka. Akaizunguka nyumba nzima na nguo zake za harusi, akapita kwenye maji ya kuoshea samaki, akatokea uani. Vigelegele vikakatika. Bi Mkasi akabaki na mikono hewani.

"Huyu kaja kuolewa au kaja kuiba kuku?"

Akaletewa wali wa nazi na kuku wa kupaka. Hakula.

Siku ya pili akaletewa chapati na mchuzi wa mbuzi. Hakula. Bi Mkasi akajaribu mazungumzo, labda mtoto ana haya tu.

"Nywele nzuri hizi, nani kakusuka?"

Kimya. Msusi hayupo, atamtajaje?

"Aliyekufunda ni nani?"

Kimya.

"Hujambo lakini?"

"Sijambo, mama."

"Alhamdulillahi, kumbe ulimi anao!"

Njaa ikamshika Mashavu, njaa ya kweli. Alikuwa na mihogo mikavu mkobani. Akaenda mwisho wa ua, akapenyeza kichwa nje kwenye upenyo wa makuti, akatafuna. Mwili uko kwa watu, mdomo hauko kwa watu. Chekeni tu. Yeye alikuwa hacheki, alikuwa anatafuna na machozi yanamtoka.

Faki akamkuta huko, akainama nje ya ua, uso kwa uso.

"Mashavu, kula japo tonge moja. Kesho watakurudisha."

"Siwezi. Ni mwiko."

"Mwiko wa nani?"

"Wa bibi."

"Bibi si kafa?"

"Kafa, ndiyo. Mwiko haujafa."

"Na mimi je? Hunitaki?"

"Nakutaka, Faki! Nakutaka mpaka kichwa kinauma." Na kichwa kweli kilikuwa kinamuuma, maana moyo unavuta huku, bibi anavuta kule, na katikati hapo hajui aliyesimama ni nani. Faki akaondoka anapiga miti teke.

Siku ya tatu Bi Mkasi akatuma mtu Kichangani: njooni mmchukue mtoto wenu. Akaja Bi Kurwa juu ya punda. Huyu Bi Kurwa alikuwa shoga wa Bibi Kazija tangu walipokuwa watoto wakipika vijungu vya mchanga. Tambuu mdomoni, maneno mdomoni. Msimdhanie mwenye busara za kutisha, alikuwa mtu wa umbea tu, lakini alikuwepo, na aliyekuwepo hushinda mwenye busara.

Akaingia chumbani. "Mjukuu wangu, una jini?"

"Shikamoo, bibi. Sina jini."

"Marahaba. Una nini basi, unatutia aibu?"

"Nashika mwiko wa bibi. Siku anakufa aliniambia, mwiko wangu usiuvunje."

"Mwiko gani?"

"Kutokula kwa watu."

Bi Kurwa akaacha kutafuna. "Kazija? Kazija alikuwa hana meno! Magego yalimtoka yote wewe hujazaliwa. Akiona haya watu wamtazame anavyomumunya, basi. Kwake ndani alikuwa anakula mpaka anakwangua sufuria."

"Na kutopita mlango wa mbele?"

"Beberu! Jirani alikuwa na beberu wake, kamfunga hapo mbele. Siku ya Idi akampiga Kazija pembe ya makalio, mtaa mzima unatazama. Tangu hapo mlango wa mbele hautaki, uwe wa nani. Beberu mwenyewe tulishamla, mwaka wa arubaini huu."

"Na kutomtaja mtu asiyekuwepo?"

"Sikio! La kushoto lilikufa kwa surua, la kulia linasikia linavyotaka. Ukimwambia fulani kazaa, yeye anasikia kazama, anaanza kulia. Aligombana na watu watatu kwa kusikia ovyo, akaona heri anyamaze."

"Sasa mwiko aliosema ni upi?"

"Mwiko, mwanangu! Mwiko wa kusongea ugali! Ule wa mfenesi, uliokuwa ukining'inia jikoni uani. Uko wapi?"

Haya, na nyinyi mliokuwa mkiwaza miiko ya mababu, mmeshikwa? Nilijua.

Mashavu akashika mdomo. "Niliufukuzia kuku siku ya hitima. Ukavunjika. Nikautia motoni."

"Ala!"

"Bibi, niambie kweli. Ulikuwa na nini mwiko ule? Ulikuwa wa mizimu? Wa urithi?"

"Hukuwa na kitu. Ulikuwa mwiko mzuri tu, ugali haugandi."

Mashavu akakaa chini. Akacheka. Akalia. Akacheka tena, na kicheko chenyewe kilimtisha. Beberu aliyekwisha liwa, meno yaliyokwisha ng'oka, sikio lililokwisha zikwa! Hivyo ndivyo alivyosifiwa navyo miaka yote. Kile alichoambiwa asikivunje ndicho alichokivunja, na asivyoambiwa ndivyo alivyovishika. Akimtoa beberu, akayatoa meno, akalitoa sikio, yeye Mashavu kabaki na nini? Alijipapasa moyoni asione kitu, akaona hasira. Kumkasirikia bibi hawezi. Kujikasirikia hajui aanzie wapi.

"Unakula au twende zetu?" akauliza Bi Kurwa. "Punda yuko juani."

"Nakula," akasema Mashavu.

Akatoka uani, akaizunguka nyumba, akasimama mbele. Akajiambia, beberu kaliwa. Akaruka kizingiti, huyoo ndani! Wanawake wa Mtondoni wamejaa ukumbini wamekuja kushuhudia fedheha, wakaona bi harusi anakaa mkekani, ananawa, anamega tonge. Kala tonge la kwanza. La pili. La tatu. Vigelegele vikarudi. Bi Mkasi akafuta machozi kwa ncha ya kanga.

"Sasa umekuwa mwanangu," akasema. Akasogea karibu, na wote wakasogea. "Na mtoto hamfichi mama. Bi Sihaba, jirani yangu, alikuja kukutazama juzi. Alisema nini juu yangu?"

Bi Sihaba siku hiyo ya tatu hakuwepo ukumbini. Na alisema, tena mengi! Mashavu aliyasikia kwa masikio yake mawili mazima. Sasa ana kizuizi gani? Mwiko ule ni sikio la bibi tu, ameambiwa. Akafungua mdomo.

"Bi Sihaba alisema..." Likakwama.

Akanywa maji. "Alisema kwamba..." Likakwama.

Akakohoa. "Ali..." Hapana. Halitoki.

"Mama, siwezi."

"Mwiko wa bibi yako tena?"

"Hapana, mama. Bibi alikuwa hasikii."

"Basi kinachokuzuia ni nini?"

"Sijui."

Bi Mkasi uso ukamgeuka. "Hujui? Kula bila kusema si kula, ni kujaza tumbo. Mimi sitaki mgeni nyumbani kwangu. Sema, au panda punda na bibi yako."

Nje kule shoka la Faki likanyamaza. Mashavu akamtazama Bi Kurwa, na Bi Kurwa akamkonyeza: sema, mjinga wewe, sema! Neno moja tu, na Faki ni wake. Mashavu akalia mbele ya watu wote.

"Mama, mimi leo nimetupa miiko miwili, sikuona uzito. Huu nautupa, unarudi. Sijui kwa nini. Najua nikikwambia ya Bi Sihaba leo, kesho nitamwambia yeye ya kwako, na huyo sitaki kuwa. Kama ningekuwa mtu wa kusema, siku tatu hizi ningesema mangapi?"

Ah! Nimesahau kuwaambia jambo, uzee huu. Siku tatu zile wanawake walipokuwa wakija kumtazama bi harusi, wakaona mtoto hasemi, kila mmoja akamwachia lake. Si mnajua mtu mkimya anavyovuta maneno? Huyu kamwambia ya wifi yake. Yule kamwambia ya mumewe. Na Bi Mkasi mwenyewe, siku ya pili akimbembeleza ale, alimnong'oneza: "Kula, mwanangu, ni kitamu, wala sikupika mimi, kapika dada yangu. Mimi nikipika huunguza." Wakati desturi inataka mkono wake mwenyewe!

Basi mle ukumbini wakaanza kukumbuka. Mmoja akakumbuka lake. Wa pili akakumbuka lake. Bi Mkasi akalikumbuka lake, jasho likamtoka.

"Mwacheni mwana wa watu ale!" akasema wa kwanza.

"Mtoto ana adabu huyu!" akasema wa pili.

"Nani kasema habari za punda hapa?" akasema Bi Mkasi. "Kula, mwanangu. Shika paja hili. Shika na hili. Faki! Njoo ule na mkeo!"

Faki akaingia mbio, vumbi la mti kichwani, akakaa ubavuni mwa mkewe. Mashavu akawa na mapaja manne mbele yake, anawatazama watu mmoja mmoja, haelewi wamepatwa na nini. Nawaapia, hakuelewa mpaka kaburini.

Jioni Bi Kurwa akapanda punda wake, Mashavu akamsindikiza hadi njia panda.

"Mjukuu wangu, huo mmoja unaubakisha wa nini? Si nilikwambia ni sikio?"

"Uliniambia, bibi."

"Basi sasa ni wa nani?"

"Wangu, nadhani."

"Unadhani?"

"Nadhani."

"Haya. Lakini wewe, ulimwona yule mavyaa wako alivyotoka jasho? Hebu niambie, huyu mama..."

Akageuka. Hamna mtu. Mashavu huyoo, kashika njia ya nyumbani kwa mumewe.

"Kazija mtupu!" akasema Bi Kurwa. Kisha akamtazama vizuri, akatikisa kichwa. "La. Huyu anasikia."

Ngano nimeitwanga, pumba zangu, mchele wenu. Na atakayekuta chuya ndani yake anitaje nikiwepo.