Gari Lililosomeshwa Likiwa na Njaa Tumboni

Mwenye njaa hafundishiki. Mmeisikia kule gereji mkacheka, na sasa mwataka kujua ilikotoka. Methali hii ilianza hivi, mjini Voi, uani kwa Mwakio.

Gari la Mwakio lilikuwa na tabia ya kuzimika njiani. Fundi alilipima akasema injini ni nzima, ila ile kompyuta ndogo inayoiamuru injini yataka programu mpya. Mwakio, mpenda laptopu tangu ujana, akasema kazi hiyo ataifanya mwenyewe nyumbani. Alikuwa na haraka. Kesho yake alipaswa kumchukua mama mkwe kule Wundanyi, aje kumwona mjukuu kwa mara ya kwanza, na mkwe haletwi kwa bodaboda.

Akaunganisha laptopu na gari. Maelezo yalimtaka aijaze betri kwanza, na aiache kwenye chaja hadi kazi iishe. Akayaruka. Kwani gari si limewaka asubuhi? Tena akafungulia redio ya gari, maana kwake hakuna kazi inayofanywa kimya. Programu ilipofika nusu, redio ikanyamaza na kazi ikakwama. Akajaribu ufunguo, gari halikujibu. Aliona aibu ya mkwe kabla mkwe hajafika.

Mkewe Wakesho, mwalimu wa chekechea, akatoka na mtoto wao Mghoi amelala mgongoni, akauliza kulikoni. Mwakio akakiri kuwa betri ilikuwa chini, naye alijua.

"Mimi watoto wangu nawapa uji kwanza, ndipo nawafundisha herufi," Wakesho akasema. "Wewe umemfundisha mwenye njaa, akasinzia katikati ya somo."

"Na kama amekufa?"

"Mlishe kwanza, Baba Mghoi. Hayo ya kufa tutamuuliza akishashiba."

Mwakio akaunganisha chaja na betri, akazima redio, taa na feni, akangoja betri ijae. Laptopu ikamwelekeza namna ya kurudia. Safari hii chaja haikutoka, na hata mlango wa gari hakuugusa. Kazi ilipokwisha akazungusha ufunguo, na injini ikanguruma hata mtoto akaamka. Mwakio alifurahi kupita kiasi.

Mama mkwe akaletwa Voi bila gari kuzimika hata mara moja. Alipoketi tu, Mwakio akaanza kumweleza habari za kompyuta ya gari. Wakesho akaweka sahani ya kimanga, chakula cha kwao, mbele ya mama yake, akamtazama mumewe.

Mwakio akacheka, akaliacha somo, akamnawisha mkwe mikono. Mwenye njaa hafundishiki.