Sanduku Lililokataa Hodi

Mwanamke mmoja alikuwa na kazi ya kudarizi nembo za shule, na asubuhi ya Jumanne moja kazi hiyo ilisimama. Aliyempa habari alikuwa Mama Otilia Ngonyani, mkubwa wake kazini. Alipoingia chumbani alimkuta mama huyo ameketi mbele ya kompyuta, mikono ameiweka mapajani.

"Mama Krispini," alisema Mama Otilia, "sanduku limeninunia."

Jina la mwanamke huyo lilikuwa Editruda Komba. Mtoto wake Krispini alikuwa na miezi saba, na Editruda alikuja naye kazini mgongoni. Hakuwa mtu wa maneno. Katika mikutano alikaa karibu na mlango, na akiulizwa jambo aliitazama kanga yake kwanza.

Walifanya kazi katika kituo cha akina mama kilichojengwa juu ya kilima, nje kidogo ya Songea. Upande mmoja palikuwa na zahanati, katikati ofisi, na ng'ambo ya uwanja chumba cha kudarizi. Mashine ya kudarizi ilikuwa ya zamani lakini nzima, nayo ilimtii bwana mmoja tu: kompyuta kongwe yenye kisogo kirefu, iliyoletwa pamoja nayo. Mafundi watatu walikuwa wamejaribu kuiunganisha na kompyuta mpya. Mashine haikuinua hata sindano.

Michoro ya nembo, mia mbili na zaidi, hapo awali ilikaa ndani ya kompyuta hiyo. Ilipoanza kuchoka na kupoteza mafaili, fundi aitwaye Ladislaus aliihamishia michoro yote kwenye sanduku jeusi la kuhifadhia kumbukumbu, akaliweka ofisini. Sanduku hilo likawa ghala la kituo kizima. Kila kompyuta ililifikia kwa waya, ikabisha hodi, ikataja jina na neno la siri, ikafunguliwa. Hata ile kongwe ilifunguliwa. Mwaka mzima mambo yalikwenda hivyo.

Jumanne hiyo sanduku lilikataa. Mama Otilia aliandika neno la siri, kioo kikajibu kwamba haiwezekani. Aliandika tena polepole, herufi moja baada ya nyingine. Kisha akaliandika lote kwa herufi kubwa, kama mtu anayempazia sauti kiziwi. Watu wa kwao hubisha hodi mara tatu, na wasipoitikiwa huondoka. Mama Otilia alibisha mara kumi na moja, kwa kuwa hakuamini kwamba yumo ndani mtu anayemsikia na hataki kumwitikia. Kumbe sanduku lilikuwa likihesabu. Baada ya mara ya kumi liliiandika kompyuta ile katika orodha ya wasumbufu, na mara ya kumi na moja halikujibu hata kwamba haiwezekani.

Mezani palikuwa na rundo la sweta mia moja na arobaini za shule moja ya msingi. Shule ilikuwa inafunguliwa Jumatatu. Msimamizi wa kituo, Bwana Gaudensi Haule, alikuja, akatazama rundo, akatazama mashine iliyolala.

"Mpaka kesho jioni," alisema. "Ikishindikana, sweta nazipeleka mjini, na chumba hiki kitakuwa stoo."

Alisema bila ukali, na ndiyo maana Editruda aliamini. Yeye alijua kwamba chumba hicho kikiwa stoo hakuna chumba kingine. Alikuwa amezunguka kwa mafundi cherehani wote wa mtaani kwake, na kila mmoja alimtazama yeye, akamtazama mtoto, akasema nafasi imejaa.

Alimpigia simu Ladislaus. Ilibidi apige yeye, kwa sababu Mama Otilia na fundi huyo hawakuwa wakiamkiana. Siku ya kwanza Ladislaus alipofika kituoni alisimama mlangoni akasema, "Mambo, mama?" Mama Otilia alimtazama kama mtu anayetazama kama mvua itanyesha, kisha akaendelea kukata uzi. Tangu siku hiyo, kila mmoja alimwona mwenzake hana adabu.

Editruda aliiweka simu mezani, sauti ikasikika chumba kizima.

"Sanduku si bovu," alisema Ladislaus. "Jumapili limejirekebisha lenyewe. Limefundishwa lisiitikie tena hodi ya zamani, maana wezi wameijua. Sasa kompyuta yenu haijui hodi nyingine. Walioitengeneza waliacha siku nyingi kuifundisha."

"Basi mbovu ni kompyuta," alisema Editruda.

"Nayo si mbovu, dada. Inabisha vizuri kabisa, vile ilivyofundishwa."

Mama Otilia, ambaye mpaka hapo alijifanya anatafuta mkasi, aligeuka. "Mwambie huyo kijana, hata mimi siku ile nilimsikia akibisha. Ila hodi yake siijui."

Simu ilicheka. "Mwambie shikamoo."

"Mwambie marahaba," alisema Mama Otilia. "Lakini nusu."

Editruda alizipeleka salamu hizo kwa zamu, huku na huku, ingawa wote wawili walikuwa wakisikiana. Hakuna aliyeona ajabu.

Ladislaus alieleza kwamba ipo njia ya mkato. Ndani ya mipangilio ya sanduku kuna mahali pa kuweka alama. Alama ikiwekwa, sanduku litaitikia hodi ya zamani kama lilivyokuwa likifanya. Ila mwizi naye akibisha kwa hodi hiyo, kumzuia itakuwa kazi.

"Weka," alisema Mama Otilia. "Nani atoke kwake aje kuiba mchoro wa mwenge na kitabu?"

Saa sita mchana Editruda alivuka uwanja akaingia ofisini. Bwana Gaudensi alimruhusu kuketi kwenye kompyuta mpya, akatoka. Editruda alifuata maelezo ya Ladislaus aliyokuwa ameyaandika nyuma ya karatasi ya ushonaji, kwa mwandiko uliosimama vizuri. Alifika penye alama. Lakini njiani alikuwa amepita mbele ya majalada ya kituo, na kila moja lilikuwa na jina lake: Barua. Nembo. Zahanati.

Hakulifungua la zahanati. Hakuhitaji. Miaka miwili nyuma alikuwa amekaa katika chumba cha pili cha zahanati, akajibu maswali kwa sauti ambayo muuguzi alilazimika kuinama ili aisikie, na muuguzi aliandika, kisha akamwambia, "Hili litabaki humu." Wanawake wa kilima kizima walikuwa wameambiwa neno hilo hilo. Wote walikuwa ndani ya sanduku, kila mmoja na lake.

Mkono wa Editruda ulikaa juu ya kipanya kwa muda. Kisha aliuondoa. Alifunga kila alichofungua, akarudi chumbani, akamwambia Mama Otilia kwamba hakuweka.

"Basi umetutoa kazini," alisema Mama Otilia, akamgeuzia mgongo mpaka jioni.

Jumatano mchana wakaketi ofisini. Bwana Gaudensi alisema mambo ni mawili: ama sanduku lilegezwe, ama kompyuta kongwe iondoke na mashine yake. Mama Otilia alisema sanduku lilegezwe, maana limekuja juzi tu na tayari linachagua wageni. Muuguzi wa zahanati alisema haiwezekani, siri za watu si uzi wa kudarizia. Kompyuta ya kizamani ndiyo iondoke. Mama Otilia alisema wa kizamani wapo wengi humu ndani, na kama kuondoka kumeanza, itajwe orodha nzima. Muuguzi alisema hakuwa na maana hiyo. Mama Otilia alisema maana imekwishasikika. Bwana Gaudensi aligonga meza kwa kalamu, akasema basi yeye ataamua.

Editruda alikuwa karibu na mlango, mtoto amelala mgongoni. Alitazama kanga yake, halafu akasema:

"Nitabeba mimi."

Waligeuka wote. Ilimbidi aendelee, na kila neno alilitoa kama anayetoa sindano kwenye kidole. Kompyuta ya ofisini inaijua hodi mpya. Kompyuta kongwe haiijui, lakini inaijua fleshi. Basi kila asubuhi mtu ataingia ofisini, ataomba sanduku mchoro wa siku hiyo, atautia kwenye fleshi, atavuka nao uwanja. Mama Otilia akirekebisha mchoro, jioni mtu huyo atautwaa uliorekebishwa na kuurudisha sandukuni, la sivyo michoro itakuwa miwili na hakuna atakayejua wa kweli ni upi. Na fleshi hiyo isiguse wimbo wala picha za harusi za mtu yeyote.

"Kila siku?" aliuliza Bwana Gaudensi.

"Kila siku."

"Mvua ikinyesha?"

"Nitafunika."

"Na siku ukiugua?"

Hilo hakuwa amelifikiria. Watu wakaanza kusogeza viti. Mama Otilia ndiye aliyejibu, akiwa anaangalia dirishani.

"Atanifundisha mimi. Kompyuta ya ofisini haijaninunia bado."

Bwana Gaudensi alisema sawa, wajaribu. Hakumshukuru mtu. Muuguzi aliuliza kama kikao kimekwisha, kwa sababu ana mgonjwa benchini. Sanduku lilibaki na mlango wake mgumu, kompyuta ilibaki na hodi yake ya zamani, na kati yao palikuwa na uwanja mtupu wenye majani yaliyokatwa.

Kesho yake Editruda alifika kabla ya wenzake. Kilimani palikuwa na ukungu, na ubaridi wa asubuhi ulimfanya amvute Krispini karibu zaidi mgongoni. Aliingia ofisini, akaandika jina na neno la siri mara moja tu, taratibu, bila kukosea. Sanduku likafunguka. Alichukua mchoro mmoja, wa ile shule, akaacha mingine yote mahali pake. Aliifunga fleshi kwa uzi mwekundu, akaivaa shingoni, akatupia mtandio juu yake, akavuka uwanja. Aliichomeka kwenye kompyuta kongwe, akangoja inavyotaka kungojwa. Mashine iliinua sindano. Alitandika sweta ya kwanza, akaikunjua vizuri ubavuni ili nembo isikae upande, kisha akaketi kumnyonyesha mtoto wakati uzi ukipita.

Nyumbani kwako wamo wawili wasioamkiana, na hakuna kati yao aliye mbovu: ni nani leo asubuhi amevuka uwanja?